Kwa nini baba aliamshwa? Uchumba ndani ya behewa la daraja la kwanza, Uingereza 1854

#1 Fundi Fremu
Wakuu, heshima kwenu. Leo tujadili mapenzi ya kwenye picha za zamani, zile chapa za karne ya 19, yaani picha zilizochapwa kwa nakala nyingi, ambazo Wazungu walikuwa wananing'iniza sebuleni.

Mwaka 1854 mchoraji wa London, Abraham Solomon, alipeleka picha mbili kwenye maonyesho ya Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London. Moja ni ndani ya treni daraja la kwanza, nyingine daraja la pili. Ile ya daraja la kwanza ina watu watatu: binti, kijana, na mzee ambaye ni baba wa binti. Viti ni laini, vimeshonwa vizuri, unaona kabisa hapa wamekaa wenye nazo. Mzee amelala fofofo kwenye kona. Kijana amesogea mbele anamsemesha binti. Binti ameshusha macho, ila masikio yote yako kwa kijana. Jina la picha limesindikizwa na maneno ya Shakespeare, kwamba walipokutana tu, wakapendana.

Wahakiki wakamjia juu. Kijana asiyejulikana anamtongoza binti wa watu huku baba anakoroma? Solomon akarudi kazini, na mwaka 1855 akatoa picha nyingine ya tukio lilelile. Safari hii baba yuko macho, amekaa katikati, anapiga soga na kijana kwa furaha. Kijana naye amebadilishwa, sasa amevaa sare ya afisa wa jeshi la majini. Binti yuko pembeni anasikiliza.

Swali langu: kwa nini? Jibu linalotolewa siku zote ni maadili. Mimi sikubaliani. Nasema baba aliamshwa kwa ajili ya soko. Mchoraji wa enzi hizo hakuishi kwa turubai peke yake, fedha nzuri ilikuwa kwenye haki ya kuchapa. Fundi anaichonga picha upya kwenye bamba la chuma, zinatoka nakala kwa maelfu, zinaingia nyumba za wafanyabiashara, wachungaji na walimu. Hizi za Solomon zilichongwa na William Henry Simmons. Sasa niambieni, nani ataning'iniza sebuleni, mbele ya mabinti zake, picha ya baba aliyelala? Karibuni.

#2 Mvumilivu
Nipo siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Shangazi wa Tanga
Fundi, umerahisisha mno. Soko lenyewe lilitoka wapi kama si kwenye maadili? Mnunuzi anaikataa picha kwa sababu anaona aibu mbele ya wageni wake. Hiyo aibu unaiitaje?

Halafu mnaruka jambo la kutambulishwa. Kwa watu wa tabaka lile, kijana hakuwa na ruhusa ya kumsemesha binti asiyemjua hata kama wamekaa goti kwa goti. Lazima apatikane mtu wa tatu anayewafahamu wote wawili, aseme huyu ni fulani, mtoto wa fulani. Baada ya hapo ndipo kijana anaweza kumwomba wacheze dansi, ndipo anaweza kufika nyumbani kusalimia, na mama yupo chumbani anashona. Kwenye picha ya 1854 mtu huyo hayupo. Kijana amejitambulisha mwenyewe, kwa nani? Kwa binti, moja kwa moja. Kwenye ya 1855 ameanzia kwa baba, kama mtu aliyelelewa. Tofauti hiyo kwao ilikuwa kubwa, na hata hapa jukwaani wapo wenye mabinti wanaielewa vizuri sana.

#4 Reli ya Kati
Naomba niingilie kwa upande wa treni, maana hapo ndipo penye siri.

Mabehewa ya wakati ule hayakuwa na korido. Kila chumba kilikuwa na milango yake inayofungukia nje, upande wa jukwaa la stesheni. Treni ikishaondoka, mliomo mmo peke yenu mpaka stesheni inayofuata. Hakuna mkagua tiketi anayepita, hakuna abiria anayechungulia. Tena usafiri wenyewe ulikuwa mgeni: reli ya Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa 1830, kwa hiyo huyo baba amekulia enzi za magari ya farasi. Katika ujana wake hakuwahi kuona binti wa tajiri anafungiwa chumba kimoja na mwanaume asiyemjua, uso kwa uso, mwendo wa saa nzima.

Hofu ilikuwa ya kweli. Mwaka 1864 Thomas Briggs, mtu wa benki, aliuawa ndani ya chumba cha namna hiyo, mauaji ya kwanza kwenye treni za Uingereza. Mwaka 1868 ikatoka sheria kwamba treni inayokwenda zaidi ya maili 20 bila kusimama lazima abiria wawe na njia ya kumwita mlinzi wa treni. Na kuna Kanali Valentine Baker, aliyefungwa jela kwa kumdhalilisha msichana ndani ya behewa la daraja la kwanza. Solomon alichora kitu ambacho kila mzazi alikuwa anakiwaza kimoyomoyo.

#5 Wakili Msomi
Reli, kesi ya Kanali Baker ni ya 1875. Briggs mwenyewe umesema ni 1864. Wahakiki wa 1854 huwezi kuwapa hofu ya matukio ambayo hayajatokea. Hoja ya korido naipokea kwa mikono miwili, hizo kesi ziondoe.

Mimi naona mali. Sheria ya Uingereza wakati ule ilikuwa hivi: mwanamke akiolewa, fedha zake na vitu vyake vinavyohamishika vinakuwa vya mume. Ardhi yake anaisimamia mume. Nafuu kidogo ilikuja 1870, na mabadiliko makubwa 1882. Wenye uwezo walijikinga kwa kuandikiana kabla ya ndoa, mali ya binti inawekwa chini ya wadhamini ili mume asiifuje. Maandishi hayo hayafanywi na binti na kijana wakiwa wanaangaliana. Yanafanywa na baba, mkwe mtarajiwa, na mawakili wao. Sasa itazame picha ya pili. Wanaume wawili wanazungumza, binti anasikiliza. Wengine mnaona treni, mimi naona kikao cha posa.

#6 Nyasa Kusini
Swali la nje kidogo. Huyo Kanali Baker ana undugu na Samuel Baker, yule mvumbuzi Mwingereza wa Ziwa Albert?

#7 Reli ya Kati
Ni mdogo wake, damu moja. Na Samuel ana mkasa wake wa mapenzi. Florence, aliyefika naye Ziwa Albert 1864, alimtoa kwenye mnada wa watumwa mjini Vidin, kando ya mto Danube, mwaka 1859. Wakazunguka Sudan na Bunyoro pamoja, na ndoa ya kanisani wakaifunga London 1865 waliporudi. Hao hawakuhitaji mtu wa kuwakalia katikati.

#8 Shangazi wa Tanga
Florence hakuwa na wa kumkalia katikati, Reli. Alikuwa msichana mnadani. Usimlinganishe na binti wa viti laini.

#9 Fundi Fremu
Turudi kwenye behewa tafadhali.

#10 Mbeba Boksi
Niko Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ukumbini kwetu imetundikwa chapa ya ile picha ya mchoraji Mwingereza Millais ya 1852, kijana wa Kihuguenoti, yaani Mprotestanti wa Kifaransa, na mchumba wake. Ni mezotinti, yaani bamba lote linakwaruzwa kwanza mpaka likichapwa linatoa weusi mtupu, halafu fundi anasugua taratibu zile sehemu anazotaka ziwe na mwanga. Ndiyo maana nyuso zinakuwa kama zinatoka gizani.

Kisa ni Paris 1572, usiku wa kuamkia mauaji ya Waprotestanti. Mkatoliki atatambulika kwa kitambaa cheupe mkononi. Binti ni Mkatoliki, anataka kumfunga mpenzi wake kitambaa hicho asiuawe. Kijana hataki kuikana dini yake. Sasa angalieni mikono. Mkono wa kijana umemzunguka binti shingoni, amemkumbatia kweli, na vidole vya mkono uleule ndivyo vinavyokivuta kitambaa kitoke. Wanaangaliana, hakuna anayefoka. Anamkumbatia na kumkatalia kwa mkono mmoja. Nimeitazama mara nyingi na bado inanishika.

Kuna bibi mmoja mkazi wa pale aliniambia mama yake alikuwa nayo chumbani, na yeye utotoni alijua kitambaa kile ni bandeji, kijana ameumia na mchumba anamfunga kidonda.

Ninachotaka kusema: chapa za uchumba za miaka ile karibu zote zina kizuizi. Dini, vita, umaskini, wazazi. Bila kizuizi hakuna cha kutazama. Kwa hiyo Solomon alipomleta baba katikati hakuua mapenzi, aliyaongezea chumvi. Picha ya kwanza imemaliza kila kitu, wameshapendana, wanaongea, basi. Ya pili inakuacha unajiuliza binti atapata vipi nafasi ya kusema neno.

#11 Kijukuu cha Mwalimu
Bora umesema wewe. Mimi nakubaliana na Mbeba Boksi kuliko wote waliotangulia.

#12 Shangazi wa Tanga
Chumvi ya mapenzi kwa gharama ya nani? Kwenye hiyo ya Millais binti anaomba, kijana anaamua. Kwenye ya Solomon binti anasikiliza, wanaume wanaamua.

#13 Kipepeo Mweusi
Mmejadili baba, kijana, mawakili, mpaka Kanali Baker. Naomba niwaletee mwanamke ambaye hakuna aliyemtaja.

Abraham Solomon alikuwa na dada yake, Rebecca, naye mchoraji. Na mdogo wao Simeon pia, lakini huyo tumwache leo. Kwenye maonyesho hayohayo ya 1854 Rebecca alikuwa na picha ya mwalimu wa nyumbani, yule mwanamke msomi asiye na mali anayeajiriwa kufundisha watoto wa tajiri na kulala humohumo. Upande mmoja wa picha kuna binti amevaa vizuri yuko kwenye piano, na mwanaume amemwinamia, wamezama katika yao. Upande wa pili mwalimu, gauni jeusi, kitabu, na mtoto wa kiume asiyetulia. Umri wake na wa yule wa kwenye piano hauachani sana. Chumba kimoja, ila uchumba unapita upande mmoja tu.

Mwalimu wa aina hii alikuwa mahali pagumu. Kwa elimu na adabu ni sawa na mwenye nyumba, kwa mshahara ni mtumishi. Wafanyakazi wa jikoni hawamtaki, wageni wa sebuleni hawamwoni. Akichumbiwa na kijana wa nyumba ile ni kashfa, akichumbiwa na mtunza farasi ni kashfa.

Kaka anachora nani anaruhusiwa kupendwa ndani ya treni. Dada anachora nani hapendwi ndani ya nyumba. Kwangu mimi picha ya Rebecca inaieleza ya Abraham kuliko sheria zote za Wakili. Binti wa daraja la kwanza analindwa kwa sababu ana cha kupoteza. Mwalimu amevaa nyeusi na hakuna baba wa kuamshwa.

#14 Wakili Msomi
Kipepeo, "ana cha kupoteza" ndiyo hoja yangu ya mali hiyo, umeivalisha gauni. Asante lakini, Rebecca nilikuwa simfahamu.

#15 Nyanda za Juu
Nisogeze kidogo. Hizi habari za vyumba vya treni mnaziona za kale, panda TAZARA. Vyumba vya kulala wanawake kwao, wanaume kwao. Mke na mume wakitaka kukaa pamoja wanakata tiketi za chumba kizima. Niliwahi kusafiri Dar hadi Mbeya na jamaa aliyekuwa ametoka kuoa, mkewe yuko chumba cha jirani na akina mama watatu. Usiku kucha jamaa anatoka koridoni kumpelekea mara maji, mara karanga, mara anauliza kama shuka limetosha. Akina mama wakamwambia mkeo tunaye, kalale.

#16 Reli ya Kati
Hahaha, akina mama ndio baba wa 1855. Ila huyo jamaa ana korido, Nyanda. Yule kijana wa Solomon hakuwa nayo.

#17 Chapa Jiwe
Mnazungumzia chapa za gharama. Naomba tushuke kwa wananchi.

Pale New York alikuwepo mchapaji wa picha Nathaniel Currier, ameanza biashara miaka ya 1830. Mwaka 1857 akamfanya James Merritt Ives kuwa mshirika, na duka lao likaendelea mpaka 1907. Walitoa picha tofauti zaidi ya 7,000. Wao hawakuchonga chuma, walitumia litografia, ile teknolojia ya Senefelder wa Ujerumani ya kuchora kwa mafuta juu ya jiwe, jiwe linalowekwa maji, wino unashika penye mafuta tu. Bei ilianzia senti 5 kwa ndogo mpaka dola 3 kwa kubwa. Hata mfanyakazi wa kawaida aliweza kununua.

Na uchumba waliuuza kwa jozi. Ugomvi wa wapenzi, na mwenzake upatanisho. Baharia anaaga, baharia amerudi. Mume mwema na mume mbaya, hizi za 1870: mume mwema ndiye jiwe la pembeni la furaha ya nyumba, mume mbaya ndiye chimbuko la taabu za nyumbani na uhalifu, maneno yameandikwa chini kabisa ili usikosee. Mwaka 1869 walikuwa wametoa moja ya kuwakejeli wanawake wanaodai haki: wanawake wamepanga foleni ya kura kwa mbwembwe, mmoja na sigara yake, na pembeni mwanaume amebeba mtoto mchanga. Hiyo sare aliyovaa kijana wa Solomon na huyo mtoto mikononi mwa mwanaume vinafanya kazi moja, kumwambia mtazamaji papo hapo nani amekaa mahali pake na nani ametoka.

Sasa jambo linaloniuma. Rangi za chapa hizi zilipakwa kwa mkono, na wapakaji walikuwa wanawake, wengi wahamiaji wa Kijerumani. Wamekaa kwenye meza ndefu, kielelezo kimewekwa katikati. Mmoja anapaka bluu tu, anasukuma kwa mwenzake, huyo anapaka nyekundu tu, inasonga mbele. Msichana anashinda anapaka wekundu wa mashavu ya mabibi harusi, mmoja baada ya mwingine, kwa ujira mdogo. Na miongoni mwa wachoraji wao wakubwa alikuwa mwanamke, Fanny Palmer, mzaliwa wa Leicester, aliyelisha familia kwa kazi yake. Mumewe alikufa 1859, na hata alipokuwa hai mzigo ulikuwa kwa mama. Duka lilelile likauza picha ya mume aliye nguzo ya nyumba.

#18 Mbeba Boksi
Hii ya meza ya rangi nilikuwa siijui. Shukrani Chapa Jiwe.

#19 Nairobi Mashariki
Wakubwa, mimi nauliza tu. Mbona kila mtu anasema yule msichana "anasikiliza"? Mumejuaje? Pengine amechoka na story za majini na anangoja kushuka stesheni.

#20 Shangazi wa Tanga
Mwanangu, tazama shingo yake ilivyogeukia. Msichana aliyechoka anaangalia dirishani.

#21 Mwanakwerekwe
Assalaam alaykum. Mmenikumbusha kisa cha hapa kwetu Unguja, na ni cha miaka ileile. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alikuwa akikaa mjini, na jirani yake ni mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Nyumba zimekaribiana. Yeye juu ya dari yake, Mjerumani kwake na wageni wake, wakaanza kuonana hivyo. Mwaka 1866 akaondoka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, na huko wakafunga ndoa 1867, kisha Hamburg. Yameandikwa na mwenyewe kwenye kumbukumbu zake.

Nalileta kwa sababu moja. Sayyid Said alikwishafariki 1856. Baba hakuwa amelala, hakuwepo kabisa. Waliobaki walikuwa kaka zake, na Sultani Majid mmoja wao. Nyie mnajadili baba kama mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti. Huku mlinzi ni ukoo mzima na mtaa mzima, na bado dari mbili zilizokaribiana zikatosha. Ndipo ninapomuelewa yule mhakiki wa London: aliogopa nafasi ndogo kuliko alivyomwogopa kijana.

#22 Reli ya Kati
Mwanakwerekwe, hapo umenirudishia hoja yangu ya chumba kisicho na korido. Nakushukuru.

Sasa nina nadharia nyingine, mniambie. Ile picha ya daraja la pili, Solomon ameiita ya kuagana. Mama mjane amekaa na mwanawe kwenye mbao tupu, nyuma yao matangazo ya meli za Australia, kule dhahabu ilikoibuka 1851. Kijana anakwenda baharini. Je, huyo afisa wa majini aliyeongezwa 1855 si kijana huyohuyo, amerudi, amefanikiwa, sasa amekaa daraja la kwanza? Basi picha mbili zinakuwa kisa kimoja: ameondoka maskini, amerudi anaposa. Na sare ndiyo tiketi yake.

#23 Wakili Msomi
Nzuri kusikia, ngumu kuamini. Maafisa wa jeshi la majini la Uingereza walitoka kwenye familia zenye jina na uwezo, wanaingia wakiwa watoto kwa kupendekezwa. Mtoto wa mjane wa viti vya mbao, tena aliyezungukwa na matangazo ya Australia, anakwenda kutafuta maisha, haendi kuwa luteni. Isitoshe maneno ya Shakespeare kwenye picha ya daraja la pili yanasema wanaagana matajiri wa huzuni na maskini wa mali. Hayaahidi kurudi.

#24 Mbeba Boksi
Wakili, mtazamaji wa 1855 alikuwa hasomi kanuni za jeshi. Nchi yake ilikuwa kwenye vita vya Krimu dhidi ya Urusi. Uingereza iliingia Machi 1854, na kila gazeti ni majeshi na meli. Kijana mwenye sare mwaka 1855 hahitaji kutambulishwa na mtu, taifa zima limeshamtambulisha. Huyo baba anacheka kwa sababu anaongea na shujaa. Ungemweka karani wa bima pale, baba angejifanya amelala tena.

#25 Fundi Fremu
Hii ya Krimu imenitikisa zaidi ya zote, lakini bado iko upande wangu: sare inauzika.

Na kama mnataka ushahidi kwamba mapenzi ya kwenye chapa ni kitu kilichotengenezwa kwa vipande, chukueni picha nyingine ya Millais, ya 1860, askari wa Brunswick, huko Ujerumani, anaagana na mchumba wake kabla ya vita vya 1815 dhidi ya Napoleon. Binti ameng'ang'ania mlango na kumzuia, kifua kwa kifua. Aliyekaa kama kielelezo cha binti ni Kate, mtoto wa mwandishi Charles Dickens. Yeye na yule askari hawakukaa pamoja hata siku moja. Kate alimwegemea mwanaserere wa mbao, na askari naye akamshika mwanaserere. Adabu ya London ikalindwa na mbao, halafu chapa ikauzwa kama mapenzi yanayovunja moyo. Tena ukutani mwa picha hiyohiyo kuna chapa ya Napoleon juu ya farasi. Mchoraji alijua chapa zinakaa wapi na zinafanya kazi gani.

#26 Kijukuu cha Mwalimu
Mwanaserere! Hapo sina la kuongeza.

#27 Kipepeo Mweusi
Fundi, kutengenezwa kwa vipande hakufanyi kitu kiwe cha uongo. Kate Dickens alimwegemea mwanaserere, lakini mwili wake ulijua namna mtu anavyoegemea. Watu walionunua chapa ile walimwona mtu wao aliyekwenda vitani. Soko linaeleza kwa nini picha ilichapwa. Kwa nini mtu aiache ukutani miaka 40 baada ya kuinunua, hilo soko halielezi.

#28 Fundi Fremu
Anaiacha kwa sababu ameilipia fremu, Kipepeo. Naongea kwa uzoefu.

#29 Shangazi wa Tanga
Mimi sijahama. Baba wa picha ya 1854 ameshindwa kazi yake, na mchoraji akaambiwa hivyo. Hiyo ya pili naipenda zaidi, maana baba akicheka na kijana namna ile, binti ana uhuru wa kumtazama bila kuficha. Kwenye ya kwanza inabidi ashushe macho. Nyie mnaosema amenyamazishwa, kaziangalieni tena zote mbili mkizilinganisha.

#30 Nairobi Mashariki
Shangazi, hapo umenishika. Lakini bado hajasema neno kwa zote mbili.

#31 Nyanda za Juu
Fundi, nina chapa moja ya zamani niliachiwa, karatasi imeanza madoa ya kahawia. Nikuletee uweke kioo kipya?

#32 Fundi Fremu
Ilete, ila usiisafishe mwenyewe na usiipangusie maji. Hayo madoa mara nyingi yanaletwa na unyevu na ile kadibodi ya nyuma, kadibodi za kawaida zina asidi inayokula karatasi pole pole. Tunaitoa, tunaweka isiyo na asidi, na tunaacha nafasi kidogo kati ya karatasi na kioo ili isigande. Gundi nyuma ya chapa marufuku, hata tone. Na kabla hatujaifunga nitapenda kusoma maandishi madogo yaliyo chini, upande wa kushoto huwa jina la mchoraji na kulia jina la mchongaji. Piga picha sehemu hiyo uiweke hapa, Chapa Jiwe atatusaidia kusoma.

#33 Chapa Jiwe
Nasubiri. Na utuambie kama kuna baba humo ndani.